Mama Apite, Moyo Ubaki

Naanza kwa kuishukuru serikali, kwa sababu katika nchi yetu mtu asiyeanza na shukrani huulizwa ametumwa na nani. Ukishashukuru unaweza kusema unachotaka, mradi kisiwe kingi. Basi nimeshashukuru. Sasa nisikilizeni habari za mke wangu.

Aliitwa Tumpe. Alikuwa akikaanga kitimoto pale njia panda ya mji wetu, na watu walitoka mbali kuja kula nyama ile ya nguruwe, wakijifanya wamekuja kwa shughuli nyingine. Mimi nilikuwa bondeni nafyatua matofali, na upepo ukigeuka nilikuwa nasikia harufu ya sufuria lake na kicheko chake kwa pamoja. Halafu moyo wake ukavimba. Daktari wa wilaya alituchorea hewani kwa kidole ukubwa ulioufikia, kama mtu anayesifia boga. Tangu hapo nyumba yetu, ambayo niliijenga juu ya kilima kwa ujeuri wa ujana, ikawa mbali. Tumpe alikuwa anapanda kidogo anakaa, anapanda kidogo anakaa, na akifika hana pumzi ya kuniamkia. Kulala hakuweza tena. Akijinyoosha tu, maji yanampanda kifuani anataka kuzama kitandani kwake. Akawa analala ameketi, mgongo ukutani, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Kwa bahati nzuri, miaka hiyo serikali nayo ilikuwa na shida hiyohiyo. Shemeji yake Mtukufu Kiongozi wetu alikuwa na moyo mbovu. Wataalamu wakaleta habari kwamba nchi za mbali wameanza kuchukua moyo wa nguruwe na kumpandikizia mtu, na mtu akaishi. Mtukufu akasema kama ni nguruwe, nchi hii haijapungukiwa. Waliokuwapo wakapiga makofi, wakatazamana, wakaacha.

Kazi ikaanza mara moja. Wizara ya Afya ikaunganishwa na Wizara ya Mifugo. Mtukufu alieleza redioni kwamba amelitafakari jambo hilo kwa muda mrefu, na amegundua kuwa wizara zote mbili zinatumia sindano. Likajengwa shamba la nguruwe wa kutoa mioyo, sakafu ya vigae, maji ya moto, jenereta mbili. Hospitali ya wilaya yetu haikuwa na jenereta hata moja, na wakunga walikuwa wakiulizana, kwa sauti ya chini, kama shamba linapokea wajawazito.

Nguruwe wakawa tayari. Tatizo likawa shemeji. Shemeji yake Mtukufu alisema yeye ana imani kubwa na wataalamu wa nchi yake, lakini angependa kwanza imani hiyo ijaribiwe kwa mtu mwingine.

*

Ndipo Mheshimiwa Waziri wa Afya na Mifugo alipotembelea wodi ya Hospitali Kuu ya Taifa, ambako Tumpe alikuwa amepelekwa. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani na chupa ya uji. Waziri aliingia na watu wa kamera, akasimama katikati ya vitanda, akafungua mikono.

Alisema mengi. Alisema kuna saa ambapo taifa humtazama mwananchi wake usoni, na mwananchi hana budi kulitazama taifa. Alisema moyo wa kizalendo haujali umetoka kwa nani. Mwisho akauliza, nani kati ya wagonjwa hawa yuko tayari kuinuka kwa ajili ya nchi yake.

Wodi nzima ikalala. Waliokuwa wameketi wakajilaza, waliokuwa wamelala wakajifunika shuka usoni. Mzee mmoja aliyekuwa amefungwa mguu juu kwa kamba na jiwe alijigeuza hivyohivyo akautazama ukuta. Akabaki Tumpe peke yake, wima, mgongo kwenye mto, kwa sababu angelala angekufa.

Waziri akamwona. Akavua miwani.

"Huyu hapa," alisema. "Ugonjwa umewalaza wote, yeye umeshindwa kumlaza."

Tumpe alifungua mdomo aeleze, pumzi haikutosha. Waandishi wakaandika kwamba alishindwa kusema kwa furaha.

Waliniuliza mimi kama mume. Nilikubali. Msije mkadhani nililazimishwa. Moyo wake ulikuwa umekwisha, na mimi nilikuwa namtaka, hata wangempa moyo wa chura ningekubali.

*

Madaktari wale siwasemi vibaya. Walifanya kazi tangu asubuhi hadi jua likageuka, wakatoka wamelowa jasho kama watu waliotoka kuvuna, na moyo ulikuwa unapiga. Nje, Waziri alikuwa ameshatangaza ushindi kabla ya chakula cha mchana. Alisema siku hiyo mpaka kati ya binadamu na nguruwe umefutwa rasmi, jambo ambalo serikali imekuwa ikilishughulikia tangu uhuru.

Mimi niliomba jambo moja tu. Niliomba nipewe ule moyo wa zamani nikauzike kwetu, maana nilikuwa nimeishi nao muda mrefu. Nikaambiwa umeshakuwa mali ya taifa. Umetiwa kwenye chupa ofisini kwa Waziri, na wageni wakija wanaonyeshwa jinsi hali ilivyokuwa mbaya kabla ya uongozi huu.

Hilo lilinikaa vibaya. Tumpe alipozinduka na kuanza kula, nilimwambia, kwa mzaha wa mtu mwenye hofu, kwamba yule aliyenipenda yuko kwenye chupa, na huyu mpya sijui kama ananijua.

Akauchukua mkono wangu akauweka juu ya bendeji. Ulikuwa unagonga kwa nguvu, haraka kidogo, kama mgeni asiye na uhakika kama ni nyumba yenyewe.

"Ndiyo kwanza umefika," alisema. "Na wewe usiujie kwa pupa, utauogopesha."

Tuliporudi nyumbani alipanda kile kilima bila kukaa. Mimi ndiye niliyekaa. Nilimkuta amesimama mlangoni, mikono kiunoni, ananicheka, na niliona haya kulia mbele yake nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havikuwa na kamba.

Watu wa kwetu wakianza utani hawajui kuacha. Wakipita mbele ya kibanda chake walikuwa wanakoroma kama nguruwe. Tumpe anawajibu, "Salimieni kwa adabu, sasa hivi nina ukoo mkubwa." Lakini sufuria la kitimoto aliliuza. Akaanza kupika chapati. Nilimwuliza kwa nini aache kazi anayoijua, akanitazama kama mtu aliyeuliza jambo la aibu.

"Siwezi kuwakaanga mashemeji zako, mume wangu."

Kuna desturi kwetu. Mtu akifa akikutendea jema, unakwenda kwao kuhani. Huendi mikono mitupu, unabeba unga, unakaa chini na wafiwa, unawaambia kilichofanywa na mtu wao. Tumpe alisema hawezi kutembea na deni la msiba kifuani. Basi tulikwenda kwenye lile shamba la vigae tukiwa na pumba za mahindi, zilizopepetwa vizuri. Walinzi walicheka hadi wakaitana. Wakatuonyesha jike moja kubwa, wakasema ndiye mama yake. Labda walitudanganya, sijui. Tumpe alichuchumaa, akamwaga pumba, akasema, "Pole, mama. Mwanao yupo. Anafanya kazi yake vizuri, hanisumbui." Yule nguruwe akala. Mimi nilisimama nyuma, kofia mkononi, kama mkwe anavyosimama.

*

Baada ya muda ikazuka hoja bungeni. Mbunge mmoja aliuliza Mama Moyo, ndilo jina walilompa Tumpe kwenye magazeti, yuko chini ya idara ipi. Ya Afya walisema ni wao, maana mtu ni mtu. Ya Mifugo walisema mtu ni wa Afya, lakini moyo ni wao, walitoa lishe tangu ukiwa mdogo. Waziri akasimama akatoa uamuzi ambao ulisifiwa na pande zote. Alisema bila moyo hakuna mtu, kwa hiyo mwenye moyo ndiye mwenye mtu.

Akahamishiwa Mifugo.

Bwana mifugo wa kata yetu alikuwa kijana mmoja mpole anaitwa Ambwene. Alikuwa amekula kitimoto cha Tumpe tangu hajaajiriwa. Akaja nyumbani, akakataa kiti, akakaa juu ya kinu, akazunguka sana na habari za mvua. Mwishowe akatoa mfukoni kile kipande cha plastiki cha njano wanachowavalisha ng'ombe na nguruwe sikioni, chenye namba. Alisema amri ni mifugo yote ivalishwe hereni.

Nilinyanyuka nimpige. Tumpe akanizuia. Akakichukua, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akaniambia mimi nimekaa naye miaka yote sijamnunulia hereni, serikali imemletea hadi mlangoni. Akampa Ambwene sikio. Kijana akalitoboa huku akimwomba radhi.

Nami niliambiwa kwamba kuanzia siku hiyo, kwa mujibu wa sheria ya mifugo, mimi si mume wa mgonjwa tena. Mimi ni mwenye mnyama.

Lakini kitu kimoja kilibaki kwa Afya: vidonge. Daktari alikuwa amenieleza vizuri. Mwili haujui shukrani. Ukikuta kitu kigeni ndani yake, hata kama ndicho kinachouweka hai, unapigana nacho hadi kife. Vidonge vile vilikuwa vinaupumbaza mwili usahau kupigana. Akivikosa, utakumbuka. Na vidonge vilitolewa mahali pamoja tu, Hospitali Kuu katika mji mkuu, mkononi mwa Mama Moyo mwenyewe, ili kila akienda kuvichukua apigwe picha anapungia. Tulikuwa tunapanda basi, tunavuka daraja la mto wetu, tunapita karibu na kijiji cha kwao Tumpe ambacho kiko ng'ambo tu, tunaendelea na safari. Tulizoea. Mtu anaweza kuzoea hata kupungia.

*

Kisha ikaingia homa ya nguruwe.

Si jambo geni kwetu. Huja, huua, huondoka. Watu hawaugui, ni nguruwe tu. Amri ikatoka ya karantini: hakuna nguruwe, wala kiungo cha nguruwe, wala zao la nguruwe litakalotoka wilayani, na walioko wachinjwe wazikwe kwa chokaa. Ambwene alipita zizi hadi zizi na watu wake. Kwa siku kadhaa mji mzima ulikuwa unasikia kelele za wale wanyama, na Tumpe alikuwa anakaa ndani na kanga masikioni.

Alipofika kwetu Ambwene alisimama uani. Alikuwa ameuliza makao makuu afanyeje na huyu, maana namba yake ya hereni imo. Jibu lilikuwa fupi. Asichinjwe. Asitoke.

Vidonge vilikuwa vinaelekea kuisha. Hata hivyo hatukuogopa, kwa sababu tulikuwa tumealikwa. Maadhimisho ya Moyo wa Taifa yalikuwa yamekaribia, katika mji mkuu, uwanja mkubwa, Tumpe mgeni wa heshima, na Waziri mwenyewe angemkabidhi vidonge vyake mbele ya Mtukufu. Tulifikiri serikali haiwezi kumzuia mtu ambaye serikali hiyohiyo imemwita. Hilo ndilo kosa letu. Tulidhani ni moja.

Tulifika darajani asubuhi. Kulikuwa na boriti imewekwa kukata njia, askari wawili na Ambwene kwenye meza. Tumpe alikuwa amevaa kitenge alichoshonewa kwa sherehe. Ambwene alimtazama, akatazama hereni, akainuka kwa heshima.

"Mama anaweza kupita," alisema. "Moyo ndio hauruhusiwi."

Nilimwuliza mama atapitaje.

"Mimi sijui, mzee wangu. Nimeletewa hivyo."

Nilisema maneno ambayo siyarudii. Tumpe yeye aliuliza, kwa upole, kama hakuna njia yoyote ambayo zao la nguruwe linaruhusiwa kupita. Ambwene akasema ipo moja. Likiwa limepikwa likaiva.

Tumpe alicheka. Alicheka hadi akaishika ile boriti. Akasema basi leteni sufuria, mwenye ujuzi huo yupo hapahapa. Tulikuwa bado hatujaacha kucheka lilipokuja lori la barafu lenye bendera, limebeba soseji za karamu ya Maadhimisho. Zilikuwa zimepikwa. Boriti ikainuliwa, lori likapita, boriti ikashushwa.

*

Hatukurudi nyumbani. Kila tulipouliza tuliambiwa ruhusa maalumu iko njiani, na kilima tuliogopa, kwa sababu vidonge viliisha na miguu yake ikaanza kuvimba tena. Pale darajani palikuwa na banda la kinyozi. Kinyozi alituachia benchi lake, wateja wakawa wananyolewa wamesimama, na hakuna aliyelalamika.

Ambwene alipiga simu hadi salio likamwishia, akaazima ya askari. Makao makuu ya Mifugo yalimjibu kwamba mnyama akiugua ndani ya karantini atibiwe kwa dawa zilizoko stoo ya mifugo. Stoo kulikuwa na dawa ya minyoo na dawa ya kuoshea kupe. Aliileta ile ya minyoo, ameikunjia kwenye leso, akaiweka karibu na Tumpe. Tumpe akamwambia asante, mwanangu. Hakuinywa, lakini alimshukuru kweli.

Tukamwita kaka yake Tumpe, Angombwike, kutoka kijijini kwao ng'ambo. Tulisema naye katikati kukiwa na boriti. Akapanda basi kwenda Hospitali Kuu kuomba vidonge. Tulihesabu safari yake kwa vijiji: sasa amefika hapa, sasa amefika pale. Tumpe alianza tena kulala ameketi. Safari hii ukuta ulikuwa mimi.

Kinyozi alikuwa na televisheni. Siku ya Maadhimisho aliigeuza itutazame. Alidhani anatufurahisha. Bendi ilipiga, watoto wakachora umbo la moyo uwanjani kwa miili yao, Mtukufu akasinzia, akaamshwa. Kisha mtangazaji akasema: na sasa, Mama Moyo.

Akatoka mwanamke. Mnene kiasi cha Tumpe, kitenge cha aina ileile, hereni ya njano sikioni. Alikuja akicheza, mabega yanakwenda, akapungia huku na huku. Akasema anaishukuru serikali, moyo wake haujawahi kumsumbua hata siku moja. Hakika ulikuwa haujamsumbua. Ulikuwa wa kwake tangu kuzaliwa.

Kinyozi alisimama na mashine mkononi. Askari mmoja alimtazama yule wa kwenye televisheni, akamtazama aliye kwenye benchi, kisha akatoka nje.

"Anacheza vizuri kuliko mimi," Tumpe alisema.

Waziri akasogea na kiboksi cheupe. Niliifahamu ile nembo. Akasema serikali haimsahau mtu wake, hapa mbele ya taifa lote anamkabidhi Mama Moyo dawa zake. Yule mwanamke akapiga magoti, akapokea kwa mikono miwili, akatia kwenye pochi.

Mimi nilikuwa nimepasuka. Nilikuwa natafuta kitu cha kuvunja na kulikuwa na kioo cha kinyozi tu. Tumpe alinivuta shati.

"Ni dawa kali zile, mtu asiye mgonjwa zitamharibu," alisema. "Natumaini hatazimeza."

Angombwike alirudi kesho yake. Alisimama upande wa pili wa boriti, vumbi hadi kwenye kope, mikono mitupu. Dirishani pa dawa walimsikiliza vizuri, akasema, wala hawakumfokea. Walimwambia dawa za Mama Moyo zimeshatolewa jana. Wamemwona wote. Aliposema huyo si yeye, walimwuliza kama anataka kuwaambia kwamba Mtukufu alidanganywa mbele ya macho yake. Akasema hapana, hasemi hivyo. Wakamwambia basi, aende.

Tumpe alimwambia kaka yake kwamba anaonekana amechoka, aende kwao akaoge. Kisha akaomba maji. Nikamnywesha. Kinyozi alikuwa ananyoa mtu, nami nilikuwa naisikia ile mashine na naisikia pumzi yake, na ikafika mahali nikawa naisikia mashine peke yake.

*

Simu kutoka ofisi ya Waziri ilifika upesi kuliko ruhusa maalumu. Walitupa pole kwa kufiwa na mtu wetu. Kwa kuwa Mama Moyo yu hai na buheri wa afya, waliomba tusifanye matanga ya kelele yatakayowachanganya wananchi. Shemeji yake Mtukufu, nilikuja kusikia, alifurahishwa sana na mafanikio ya jaribio, akasafiri kwenda kutibiwa nje.

Tumpe alitakiwa kuzikwa kwao ng'ambo, karibu na mama yake. Daktari wa wilaya akaitwa, akautoa moyo kwenye zahanati ya pale darajani. Ambwene akaisoma amri tena, mara hii hakuwa na la kusitasita. Boriti ikainuliwa. Angombwike na vijana wa ukoo wake wakaingia, wakabeba jeneza begani, wakavuka.

Nilinyanyuka nifuatane nao. Ambwene akanishika mkono.

Alisema zao la nguruwe lililokufa ndani ya karantini sharti lizikwe kwa chokaa, na mwenye mnyama sharti awepo hadi shimo lifukiwe. Asipokuwepo, waliobeba jeneza wote watarudishwa na jeneza lao. Alikuwa analia, lakini alisema lote hadi mwisho. Angombwike alisimama ng'ambo akinisubiri. Nikampungia aende. Jua lilikuwa kali, na maiti hasubirishwi.

Shimo nililichimba mwenyewe. Ambwene alitaka kunipokea jembe nikakataa. Kuchimba udongo ndiyo kazi yangu. Moyo walikuwa wameuweka kwenye mfuko wa plastiki. Nikamwomba niutoe. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri. Muda wote ule nililala sikio langu karibu nao na sikuwahi kuuona. Niliuvingirisha kwenye mtandio wa Tumpe, nikaushusha.

Kutoka ng'ambo upepo ulikuwa unaleta nyimbo. Niliujua ule wimbo. Unaimbwa wakati wa kushusha. Kwetu udongo wa kwanza ni wa mume, na hautupwi na mtu mwingine akiwa mume yu hai, kwa hiyo niliinua konzi la udongo nikalitupa hapo nilipokuwa.

Ambwene alishika mfuko wa chokaa, akasita. Akavua kofia yake ya serikali. Akaniuliza, mzee wangu, kuna la kusema? Nikasema hakuna. Halafu nikachuchumaa, nikauambia ule moyo kwamba ulikuja kwetu na hakuna aliyekuuliza kama unataka kuja. Ulimpandisha mke wangu kilima. Ulinigongea mkononi kila nilipokugusa. Mwenye nyumba hakukufukuza, aliomba abaki na wewe, akanyimwa.

Tukamwaga chokaa, tukafukia, tukashindilia kwa miguu kama amri inavyotaka. Ambwene alizunguka shimo, akaangalia nyayo za viatu vyangu, akavimwagia dawa.

Kisha akainua boriti mwenyewe, akaniambia sasa naweza kupita, sina kitu chochote kilichokatazwa. Nikasimama chini ya ile boriti. Ng'ambo walikuwa wameshanyamaza.